Sindano Imebaki Nyota ya Sita

Tangu Jumatatu mnaniuliza jambo moja tu: Sindano iko wapi. Wengine mmeandika kwenye kundi letu la gemu, wengine mmenisimamisha njiani nikiwa na marobota ya kitambaa mikononi, na mmoja wenu, jina simtaji, amepita chini ya dirisha langu akiuliza kwa sauti kama nimekiuza chombo changu nikanunua cherehani kipya. Sikuuza. Nitaeleza mara moja, mwanzo mpaka mwisho, kisha mniache nishone, maana sare za skuli zimenirundikia na wazazi hawana subira.

Matayarisho nayaruka. Kununua bando, kutafuta nywila niliyoisahau, kungoja gemu lijisasishe, hayo mnayajua na hayana ladha.

Lakini najua karatasi hii itapita pia mikononi mwa wasiocheza, kwa hiyo niseme machache. Gemu letu ni la kuzunguka mbinguni. Kila mtu ana chombo chake cha kiti kimoja, na changu nilikiita Sindano. Kutoka nyota moja kwenda nyingine unaruka, na kuruka mara moja kunakula kopo moja la mafuta, kisha injini inapoa saa nzima kabla ya kuruka tena. Kopo haliuzwi popote, unalipika mwenyewe: unachimba chuma cha kufanyia ganda, unateka gesi, unatafuta chumvi ya buluu, unatia vyote kwenye tanuri na unausimamia moto mpaka mwisho. Moto ukikuponyoka, kopo linapasuka na vitu vyako vimekwenda. Na gemu hili halilali. Ukizima kompyuta ukaenda zako sokoni, chombo kinabaki kilipo na hewa ndani yake inaendelea kupungua. Ikiisha, chombo kinafutika pamoja na kila kilichomo.

Jang'ombe: nyota ya kwanza mpaka ya tatu

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nikiwa nyumbani, simu ikalia. Alikuwa khalati wangu, Bi Mwanakheri, mdogo wake mama, anayeishi Matemwe. Alisomesha skuli ya kule tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na mpaka leo watu wazima wa kijiji, wenye wake na wajukuu, wakimwona wanatupa sigara. Alipovunjika mguu, mwaka juzi, nilimpelekea kompyuta yangu ya zamani na kumfundisha gemu hili ili aache kugombana na redio. Baada ya mwezi mmoja alikuwa anazungumza nami habari za nyota ambazo sijazifikia.

Anayefika mwanzo kwenye sayari ndiye anayeipa jina. Mimi sayari zangu ni nne, na nimeziita kwa majina ya vitambaa. Khalati anaziita kwa majina ya wanafunzi wake. Alianza mwaka jana, wanawe walipoanza kunong'ona kwamba mama anasahau: kaacha sufuria motoni, kamwita mjukuu kwa jina la marehemu. Walidhani hawasikii, na masikio yake hayana ubovu wowote. Siku moja akaniambia, kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya nazi, "Majina ya wanafunzi wangu yanaanza kunitoka, Rukia. Nnayaweka mahali kabla hayajaondoka yote." Nikamwambia ayaandike kwenye daftari. Akanijibu kwamba aliyaandika kwenye madaftari ya mahudhurio maisha yake yote, na madaftari yale yameliwa na mchwa kwenye stoo ya skuli.

Kuna sharti moja ambalo wengi wenu hamlijali kwa sababu hamwendi mbali. Jina ulilolitoa halithibitiki mpaka chombo chako kitie nanga kituoni na kukabidhi daftari la safari, lenye majina yote uliyoyatoa. Kabla ya hapo daftari halifunguki, na hata mwenye chombo anaona jina la mwisho tu. Khalati alikuwa nje tangu mwezi wa Shaabani bila kugusa kituo.

"Rukia," akasema, "mafuta yamenishia."

"Yameishaje, khalati? Si ulipika makopo manane juzi juzi?"

"Nliyapika. Nimeyaacha motoni tanurini, yamepasuka yote."

Nikavuta kompyuta, nikaiwasha.

"Hewa?"

"Siku mbili. Mpaka Jumapili alasiri."

"Na majina yaliyomo ndani?"

"Wengi," akasema. "Na sitaweza kuwakumbuka mara ya pili. Hilo nnalijua, usinibembeleze."

Alikuwa kwenye nyota ya sita kutoka kwetu, na kituo cha karibu naye kiko nyota mbili mbele. Nikafanya hesabu. Makopo sita ya kunifikisha, mawili yake ya kwenda kituoni, mawili yangu ya kumfuata: makopo kumi. Nilikuwa na matatu na chumvi ya kupikia mengine manne. Nikataka kuwaiteni. Akanikataza. "Usimwambie mtu kwenye kundi. Mwalimu haishiwi mafuta." Ndiyo maana hamkusikia chochote, na mwenye kununa aende akanune Matemwe mbele yake.

Nikaruka mara tatu mchana ule ule. Kwenye nyota ya tatu nikachimba chuma, nikateka gesi, nikatia chumvi yangu yote tanurini na kuwasha moto wa makopo manne. La kwanza lilikuwa limeiva na la pili linaanza kuiva pale feni iliposimama na mtaa mzima ukaguna kwa pamoja. Umeme. Betri ya kompyuta yangu ni ya kubembelezwa, ikanipa dakika nne. Nikaibeba kwapani, chaja nikaitupia begani, nikaenda mbio Michenzani na kanga moja.

Michenzani: nyota ya tatu mpaka ya nne

Shoga yangu Zuwena anakaa ghorofa ya tano kwenye yale majumba marefu, na upande wake umeme ulikuwepo. Nilipopanda ngazi nikakuta viatu vimejaa mlangoni. Wakwe zake walikuwa wamekuja kutoka Donge, watu saba, na sinia la pilau lilikuwa linaingia. Nikachomeka kompyuta ukutani, nikafungua. Makopo matatu yamepasuka. Moja tu zima.

Nilitaka kuondoka sebuleni nikakae jikoni na balaa langu. Haikuwezekana. Mgeni anayefika chakula kinateremshwa haendi jikoni, anakaa. Nikakaa, mkono wa kulia kwenye pilau na wa kushoto kwenye kompyuta.

"Huyu mwenzako ana nini?" mama mkwe akauliza. "Hali, anatazama tu."

"Anamwokoa khalati wake," Zuwena akasema.

"Kafikwa na nini?"

"Kakwama mbali, na hewa inamwishia."

Bibi yule akaacha tonge. Akauliza kama ni kisimani. Kabla sijameza nipate kumjibu, alikwisha nyanyua mikono, na wote saba wakanyanyua mikono, na dua ikaanza. Ilikuwa dua ndefu, yenye ndani yake Nabii Yunus na tumbo la samaki. Mimi nifanye nini? Niliitikia amin kwa moyo wote. Zuwena alipomweleza mwishowe kwamba khalati yuko nyumbani kwake Matemwe, mzima, na kilichokwama ni chombo cha kwenye gemu, bibi akafikiri kidogo, akauliza kama kilichomo kwenye chombo ni cha kweli. Nikamweleza habari ya majina. "Basi dua haikupotea," akasema, akarudi kwenye pilau.

Kopo lile moja likanifikisha nyota ya nne. Huko ndiko kwenye chumvi ya buluu, lakini iko kwenye sayari yenye mvua ya tindikali inayokula bati la chombo. Pembeni ya sayari hiyo kuna mwezi mdogo, na kwenye mwezi nikaona nyumba ya vioo ya mchezaji mwengine. Mlango wazi. Ndani naiona rafu yenye makopo kumi na mawili yamepangwa vizuri, na juu yake kibao cha Kiingereza: chukua unachohitaji.

Nikasimama nje. Nikaandika kwenye kisanduku cha maneno, "Hodi." Nikangoja. Nikaandika mara ya pili, nikangoja zaidi. Mara ya tatu nikangoja mpaka chai ikaletwa na vikombe vikazunguka. Kimya. Nikageuza chombo.

"Wafanya nini?" Zuwena akauliza.

"Nnaondoka. Hawajaitika."

"Rukia. Mlango uko wazi na kibao kinasema chukua."

"Kibao si mtu. Nimepiga hodi tatu."

"Hiyo ni kompyuta, shoga yangu."

"Na nyumba ni ya mtu."

Mama mkwe akasema nimefanya vyema, mara tatu mtu anarudi, na akamtazama mkwewe kwa namna ambayo ilifunga mazungumzo. Nami sikuwa na wasiwasi. Nilijiambia mwenye nyumba kalala, kesho asubuhi nitamkuta, na Jumapili bado iko mbali. Nikashusha Sindano kwenye mwezi ule, mbali kidogo na nyumba, nikaenda zangu.

Mji Mkongwe: nyota ya nne

Jumamosi asubuhi nilikuwa na ahadi isiyovunjika. Kuna bi harusi mmoja Mji Mkongwe, Latifa, gauni lake nimelishona mimi na ilikuwa siku ya kulijaribu. Nikaenda na gauni mkono mmoja na kompyuta mkono wa pili, nikapanda ngazi zile za mbao zinazosimama wima, mama mtu akinipokea kwa kahawa ya tangawizi na mkate wa kumimina. Alipoona kompyuta akadhani siku hizi vipimo vinachukuliwa kwa mashine. Nikamwacha na dhana yake mpaka nilipomeza kipande cha kwanza.

Nikafungua gemu juu ya kasha, karibu na dirisha. Mlango wa nyumba ya vioo uko wazi vile vile. Rafu tupu.

Sitawadanganya. Nilijuta. Makopo kumi na mawili yalikuwa mbele ya pua yangu, yametolewa sadaka, na mimi nimesimama nje na adabu zangu. Nilikaa na pini tatu mdomoni nikiitazama ile rafu, na Latifa kwenye gauni akaniuliza kama kuna msiba.

Hapo maneno yakatokea kwenye kisanduku. Alikuwa mwenye nyumba, mwanamke, jina lake Marisol, muuza maua katika mji mmoja wa pwani ya Chile. Yeye Kiingereza chake na mimi changu vyote ni vya kuombea maji, tukaelewana.

"Ni wewe uliyeniandikia neno moja mara tatu ukakimbia," akasema. "Nilikuwa nakaanga mayai. Niliporudi nikadhani umenitishia."

Nikamweleza kwamba kwetu ndivyo tunavyoomba kuingia, na asipoitika mtu mara ya tatu, unarudi, hata kama umetoka mbali.

"Kwetu," akaandika, "mlango ukiwa wazi, anayesimama nje ndiye anayetutia wasiwasi."

Makopo yalichukuliwa alfajiri na vyombo vitatu vilivyofuatana. Hata asante hawakuandika. Nikamuuliza kama ana mafuta mengine, akasema hana, na chombo chake hakiruki tena nyota hata moja. Alikuwa amebaki pale makusudi, akiwapikia wapita njia. Chumvi ilikuwa imemwishia kwenye makopo yale kumi na mawili. Nikamwambia habari ya khalati na majina. Akauliza imebaki hewa ya muda gani. Nikamwambia. Akasema, "Twende tukachimbe."

Chombo chake ni kikubwa, cha mizigo, na kinaweza kushuka kwenye sayari ile ingawa hakiruki. Akakiweka juu ya Sindano kuizuia mvua wakati mimi nachimba. Haikuzuia yote. Upepo ulikuwa unailaza mvua ubavuni, na kila nikitazama kipimo cha bati naona kimeteremka. Nilichimba chumvi ya makopo manne. Nikataka kuendelea, Marisol akaniandikia, "Ondoka sasa, utabaki huku," na alikuwa sawa. Tulipotoka, bati la Sindano lilikuwa limetoboka na hewa imeanza kuvuja.

Tukaenda kupika kwenye tanuri lake. Na hapa mama mtu akasimama mlangoni na kusema gauni halitajipinda lenyewe, watu wanakuja adhuhuri kulitazama. Alikuwa na haki, nami nilikuwa na moto. Nikawatazama wote wawili, mama na binti.

"Latifa," nikasema, "kaa hapa. Uonapo mshale huu unapanda, bonyeza hiki. Ukishuka, bonyeza hiki. Usiuache wala kwa kupiga chafya."

"Hivi tu? Mie kila Ramadhani nnakaanga bajia za nyumba nzima."

Akakaa kwenye kiti na gauni lake la harusi, hina mpaka kwenye viwiko, macho hayabanduki kwenye mshale. Mimi nikapiga magoti chini nikipinda upindo wa gauni alilolivaa. Mama mtu alisimama nyuma yake akimwonya kila mshale unapotikisika, akisahau kabisa kwamba alikuja kunigombeza. Makopo manne yakaiva, hakuna hata moja lililopasuka. Upindo nao ulikuwa umenyooka. Marisol akaniuliza nani aliyesimamia moto, nikamjibu bi harusi, na nina hakika mpaka leo hajaamini.

Makopo manne. Mawili ya kunifikisha kwa khalati, mawili ya kumfikisha kituoni. Yangu mimi hayapo. Niliielewa hesabu hiyo pale pale, nimepiga magoti na uzi mdomoni, na kuchimba tena kwa bati lile hakuwezekani. Nikakata uzi. Nikamuaga Marisol, na kabla ya magharibi nikaruka mpaka nyota ya tano; injini inapoa na mimi usingizi ukanichukua.

Njia ya Matemwe: nyota ya tano

Jumapili asubuhi nikampigia khalati kumwambia nimekaribia. Simu inaita, haipokewi. Nikapiga tena na tena. Nikapiga kwa mwanawe aliyeko mjini, akaniambia mama mara nyingi siku hizi anaiweka simu mahali na kusahau, nisijali. Nilijali. Mafuta yangefika na yeye hayupo kwenye kiti cha chombo yangekuwa kazi bure, maana makopo yanapokewa mkono kwa mkono. Mwenye chombo lazima awe kwenye kompyuta yake, abonyeze kupokea mwenyewe.

Kaka yangu ana vespa. Nikaifunga kompyuta kwenye kanga mbili, nikaikaza nyuma, nikaondoka.

Nilikwama mara moja tu, kabla ya Kinyasini, vespa ilipokohoa na kuzima. Mwanamme mmoja aliyekuwa anauza mananasi kando ya njia akaja, akafungua tangi, akachungulia, akanitazama kwa huruma. Halina mafuta. Nimekwenda mbinguni siku mbili nikihesabu makopo, na tangi la vespa sikulitazama. Akaniuzia chupa moja ya petroli aliyokuwa nayo kibandani. Hakuacha kunitazama kwa huruma mpaka nilipoondoka, akanikatia na nanasi bila kuombwa. Nililila nimesimama, maji yake yakinichuruzika mpaka kwenye kiwiko, nikijicheka peke yangu.

Nilimkuta khalati uani kwake, kakaa kwenye mkeka na mguu wake mbaya kaunyoosha, anachambua mchele.

"Shikamoo khalati."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo? Si ulisema utafika kesho?"

"Nilisema Jumapili, khalati."

"Leo si Jumamosi?"

Nikasema hapana, leo Jumapili. Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Akaniomba nimpe mkono ainuke. Alinishika kwa nguvu kuliko mguu ulivyohitaji.

Simu ilikuwa kwenye pipa la mchele.

Matemwe: nyota ya sita

Tulikaa chumbani kwake, kompyuta yake na yangu ubavu kwa ubavu kwenye mkeka. Adhuhuri imekwisha pita. Nikaruka mara moja, nikafika nyota ya sita, na pale mbele yangu chombo chake kikawa kinaelea taa zote zimezimwa kuokoa hewa. Kwenye kioo chake ilibaki saa moja na dakika kumi. Kwangu, kwa ule mvujo, ilibaki kama saa moja.

Nikamkabidhi makopo. Moja. La pili. Taa za chombo chake zikawaka. Yeye akageuka kunitazama mimi, si skrini.

"Na yako?"

"Yapo."

"Nionyeshe."

Mjue amewakagua wanafunzi waliodai kazi ya nyumbani wameisahau mezani kwa miaka yote ile. Akauondoa mkono wangu kwenye kipanya, akafungua ghala la Sindano mwenyewe. Tupu.

"Siendi," akasema. "Chukua makopo yako."

"Khalati, hayatoshi sote. Kuruka mara moja, saa nzima injini inapoa. Ukifika kituoni ukarudi kuniletea mafuta, mie nshakwisha kitambo."

"Basi twakaa sote hapa."

Nikapandisha sauti. Sijawahi kumpandishia sauti khalati wangu na sitaki kufanya hivyo tena. "Mie humu nina sayari nne nilizoziita kaniki, bafta, hariri na doria. Nitaziita tena kesho. Wewe humo una watu. Washa injini."

Alinitazama. Nilidhani atanipiga kofi, na ningelipokea. Kisha akavuta kompyuta yake karibu, akavaa miwani, akawasha injini.

Chombo chake kikaruka. Sindano ikabaki. Nilikaa naye mkekani nikiitazama hewa yangu inavyoteremka, na sikuizima skrini, niliona si adabu kuizima. Mwanamke jirani alileta muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, tukala, khalati akitazama injini yake ikipoa na mimi nikitazama hewa yangu ikiisha. Ilipofika sifuri, picha ikageuka nyeupe, na maandishi yakaniuliza kama nataka kuanza upya. Miaka mitatu ya kazi yangu ilikuwa mle. Nililia kidogo, nasema wazi, na khalati akanisogezea sahani ya samaki bila kunitazama.

Alasiri ikiingia akaruka mara ya pili, na chombo chake kikatia nanga kituoni. Akabonyeza kukabidhi. Ukazunguka ule mduara wa kungoja, mtandao wa Matemwe mnaujua, ukazunguka mpaka nikataka kuushika kwa mkono. Kisha daftari likafunguka, na majina yakaanza kushuka kwenye ubao wa kituo, yamethibitishwa, kila moja na sayari yake. Yalishuka mengi mno. Nilihesabu mpaka mia nikaacha.

Khalati akanyoosha mgongo. Akaanza kuyasoma kwa sauti yake ya darasani.

"Mwatima Haji. Huyu alikuwa anakula chaki." Akacheka. "Vuai Shaame. Mwandiko wake huo, Mungu amsamehe. Mize Makame, sasa mkunga Mkokotoni. Tatu Juma. Ame Pandu, alikuwa akilala, lakini ukimwamsha anajua jibu."

Alisoma hivyo kwa muda mrefu, na kila jina likaja na mtu wake: aliyekuwa na nguo moja, aliyetoroka kwenda pwani, aliyefariki mdogo. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, nimechoka, nasikiliza.

"Mcha Khatib," akasoma.

Akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Akasoma upya, polepole, "Mcha Khatib."

Akanigeukia. "Huyu nani, Rukia?"

Sikumjua. Mimi nimesoma mjini, sikukaa darasani kwake hata siku moja. Uso wa khalati ulikuwa na hofu, na tangu aliponipigia Ijumaa sikuwa nimeiona hofu hiyo wala kuisikia katika sauti yake. Akarudi kwenye skrini, akaweka kidole juu ya lile jina, akaliita mara ya tatu kwa sauti, kama anavyoitwa mtoto aliyekaa nyuma kabisa.

"Mcha Khatib."

"Naam," nikaitika.

Khalati akaitikia kwa kichwa, akaendelea na jina linalofuata.